Insulini juu ya kidonda sugu: namna ya kuipima, kuichanganya na kuiweka

Insulini tumeizoea kwa kuchomwa chini ya ngozi. Ikiwekwa juu ya kidonda, dawa ni ileile ila kazi inabadilika: haiwekwi hapo ili ishushe sukari. Seli za ngozi, seli zinazotengeneza kolajeni (protini inayoipa ngozi uimara) na zile zinazojenga kuta za mishipa midogo ya damu zote zina vipokezi vya insulini, yaani sehemu za seli ambazo insulini hujishikiza. Vikiguswa, ngozi ya pembezoni huanza kutambaa kuelekea katikati, kolajeni hutandikwa vizuri zaidi na mishipa mipya huchipua kwenye sakafu ya kidonda. Ni kazi ya kichocheo cha ukuaji, na insulini ina faida moja kubwa juu ya vichocheo vya viwandani: inapatikana karibu kila mahali wanapotibiwa wagonjwa wa kisukari, na bei yake ni ndogo ukiilinganisha navyo.

Tuwekane sawa kabla ya kwenda mbele. Insulini imesajiliwa kuwa dawa ya sindano. Kuiweka kidondani ni kuitumia nje ya kibali hicho, kwa hiyo panatakiwa daktari aliyeandika maagizo, mgonjwa aliyeelezwa akakubali, na mhudumu anayeweza kupima sukari na kumhudumia mtu ambaye sukari yake imeshuka. Ushahidi uliopo unatia moyo lakini unatoka kwenye majaribio madogo. Mwaka 2009 watafiti wa Iran walichapisha jaribio la wagonjwa 45 wenye vidonda visivyo na maambukizi: waliopuliziwa insulini vidonda vyao vilipungua kwa wastani wa mm² 46 kwa siku, na wale waliopuliziwa maji ya chumvi matupu kwa mm² 32. Majaribio mengine yamefanyika India na Brazili, kila moja kwa kipimo chake na aina yake ya kidonda. Hayatoshi kuifanya insulini tiba ya kwanza. Yanatosha kuifanya jambo la kujaribu pale kidonda kilichohudumiwa ipasavyo kinapogoma kusogea.

Ndugu anayemuuguza mgonjwa nyumbani anaweza kuusoma mwongozo huu ili ajue cha kuuliza kliniki. Asianze peke yake.

Kidonda kinachofaa na kisichofaa

Vinavyofaa ni kidonda cha mguu wa kisukari kilichotokana na ganzi ya neva, kidonda cha kulalia kilichopita ngozi ya juu lakini hakijafika kwenye msuli wala mfupa, kidonda cha mguu kinachotokana na vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) zilizolegea, na jeraha la upasuaji lililoachwa wazi lijae lenyewe. Sakafu iwe nyekundu au ya waridi, yenye unyevu, na ikiguswa na gozi itoe damu kidogo.

Usiweke insulini kwenye kidonda chenye usaha, harufu kali, wekundu unaosambaa au joto. Tibu maambukizi kwanza. Usiweke kwenye kidonda ambacho kijiti tasa (kisicho na vijidudu) cha chuma kikiingizwa taratibu kinagonga kitu kigumu, kwa sababu kwa mgonjwa wa kisukari huenda mfupa nao umeambukizwa, na ngozi ikifunga juu ya mfupa mbovu itapasuka tena. Kidonda chenye shimo refu linalopinda ndani kiache pia: hutajua dawa imefika wapi wala imetuama kiasi gani.

Saratani ndiyo inayosahaulika zaidi. Kidonda cha miaka mingi, hasa kilichoota juu ya kovu la moto, kinaweza kugeuka saratani ya ngozi. Kingo zake huinuka na kuviringika, nyama huota kama maua ya koliflawa, na damu hutoka kwa kuguswa tu. Kichocheo cha ukuaji hakina kazi hapo. Kidonda cha namna hiyo kikatwe vipande vidogo kutoka pembeni vikapimwe maabara, na insulini isubiri majibu.

Mwenye mzio wa insulini au wa metakresoli, kihifadhi kilichomo kwenye vichupa vingi vya insulini, naye hafai.

Ondoa kwanza kinachokizuia

Sehemu hii watu huiruka, na ndiyo inayoamua kama dawa itafanya kazi. Insulini inahimiza seli zilizo hai. Haileti damu mahali ambapo mshipa umeziba, haiondoi uzito juu ya unyayo, na haipenyi kwenye nyama iliyokufa.

Anza na damu. Papasa mapigo kwenye mgongo wa unyayo na nyuma ya kifundo cha ndani. Kama hayapapasiki, pima shinikizo la damu kwenye kifundo cha mguu na mkononi, ugawanye la mguuni kwa la mkononi. Jibu lililo chini ya 0.9 linaonyesha mishipa imebana. Chini ya 0.5 ni hali mbaya, mgonjwa apelekwe kwa daktari wa mishipa kabla ya kufikiria dawa yoyote ya kupaka. Likizidi 1.4 usifurahi. Kuta za mishipa zimekuwa ngumu kiasi kwamba kipimo hakiaminiki, na kwa wenye kisukari cha muda mrefu jambo hili ni la kawaida.

Kisha mgandamizo. Kidonda cha unyayo wa kisukari kinahitaji kuondolewa uzito: plasta maalumu ngumu, kama ya mfupa uliovunjika, inayokumbatia mguu mzima hadi chini ya goti au kiatu cha kutibia kisichovuliwa ovyo. Mgonjwa mwenye ganzi hutembea juu ya kidonda chake bila kuhisi lolote, na hatua za siku moja zinatosha kusaga nyama yote iliyoota usiku. Kwa kidonda cha kulalia, mgonjwa ageuzwe kwa ratiba iliyoandikwa, na asilazwe juu ya kidonda hata kwa muda mfupi. Kwa kidonda cha vena, bendeji ya kubana inayofikisha takribani mmHg 40 kwenye kifundo ndiyo tiba yenyewe. Lakini ifungwe tu pale jibu la ule mgawanyo ni 0.8 au zaidi.

Nyama iliyokufa ikatwe. Utando wa njano, gamba jeusi na ngozi ngumu ya pembezoni vinaondolewa kwa kisu au mkasi tasa mpaka uione nyama inayotoa damu. Umajimaji wa kidonda sugu umejaa vimeng'enya vinavyokata protini, na insulini ni protini. Ukiimimina juu ya utando mzito italiwa hapo juu kabla haijaigusa seli hata moja. Kama ukataji umetoa damu nyingi, acha insulini mpaka kesho yake: damu inaisukuma dawa nje, nayo mishipa iliyo wazi inaipa njia ya kuingia mwilini.

Lishe na sukari ya damu zinashughulikiwa sambamba. Mwenye kidonda cha kulalia anahitaji protini ya gramu 1.25 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, ikiwa figo zake zinaruhusu. Na insulini ya kidondani haihesabiwi katika dozi ya kuchomwa. Mgonjwa anaendelea na sindano zake kama kawaida.

Vifaa

Insulini inayotakiwa ni ya kawaida ya binadamu, ile ya muda mfupi, iliyo angavu kama maji. Insulini yenye ukungu mweupe haifai, kwa kuwa imechanganywa na protamini ili inyonywe polepole. Zile za kukaa siku nzima hazifai pia. Zimetengenezwa ziachiwe kidogo kidogo chini ya ngozi, na tabia yake juu ya kidonda ni nyingine.

Soma nguvu iliyoandikwa kwenye kichupa. Nyingi ni yuniti 100 kwa ml 1, lakini ziko za yuniti 40 kwa ml 1, na kila moja ina bomba lake la sindano. Ukivuta insulini ya yuniti 100 kwa bomba lililochorwa kwa ajili ya yuniti 40, mstari utakuonyesha yuniti 10 na ndani kutakuwa na 25. Kosa hili hutokea zaidi usiku na pale mabomba ya aina mbili yanapowekwa kwenye kisanduku kimoja.

Vingine ni maji ya chumvi tasa ya 0.9%, bomba la ml 5 na la ml 20, glavu safi na glavu tasa, gozi tasa, kifuniko kisichonata kwenye kidonda, bendeji, rula ya karatasi, karatasi angavu yenye miraba ya sm 1, glukomita (kipima sukari ya damu), na sukari au glukosi karibu na kitanda. Kichupa cha insulini kiwe cha mgonjwa mmoja, kimeandikwa jina lake na tarehe kilipofunguliwa. Kichupa kisichofunguliwa kinakaa kwenye jokofu nyuzi 2 hadi 8, mbali na friza. Kikishafunguliwa kinatumika mara nyingi kwa wiki 4, au kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji. Insulini iliyoganda kwa baridi kisha ikayeyuka inatupwa, hata kama bado ni angavu.

Kupima kidonda na kukokotoa dozi

Kipimo kilichotumika kwenye majaribio kadhaa, na ambacho ni rahisi kukumbuka, ni yuniti 1 kwa kila sm² 1 ya kidonda, mara 2 kwa siku. Mchanganyiko ni ml 1 ya maji ya chumvi kwa kila yuniti 10.

Kwa hiyo kila kitu kinategemea eneo. Njia ya haraka ni urefu mkubwa kuzidisha upana mkubwa unaokatiza ule urefu kwa pembe mraba. Njia hii inazidisha eneo, kwa sababu vidonda vingi vina umbo la yai. Ukizidisha jibu kwa 0.785 unakaribia ukweli zaidi. Njia bora ni kulaza karatasi angavu juu ya kidonda, kuchora mpaka wake kwa kalamu, kisha kuhesabu miraba: iliyojaa yote, pamoja na iliyojaa nusu au zaidi. Chagua njia moja ushikamane nayo mpaka mwisho wa tiba. Ukibadilisha njia katikati, kidonda "kitapona" kwenye karatasi tu.

Chukua kidonda cha sm 5 kwa sm 4. Urefu kuzidisha upana ni 20. Ukizidisha kwa 0.785 unapata 15.7, tuseme 16. Dozi ni yuniti 16, yaani ml 0.16 ya insulini ya yuniti 100, ndani ya ml 1.6 ya maji ya chumvi. Kidonda kikipungua hadi sm² 10, dozi nayo inashuka hadi yuniti 10 ndani ya ml 1. Pima upya kila wiki, siku ileile, na uandike dozi mpya. Kubaki na dozi ya wiki ya kwanza wakati kidonda kimekuwa nusu ni kumwaga dawa juu ya ngozi nzima.

Kidonda kinachodai zaidi ya yuniti 50 kwa mara moja tunashauri kisitibiwe hivi nje ya wodi. Eneo kubwa lisilo na ngozi linaweza kunyonya, na hata sehemu ndogo ya yuniti 50 si kidogo kwa mzee mwenye kilo 45 ambaye hakula vizuri.

Kuchanganya

Toa kichupa kwenye jokofu mapema kidogo ili kifikie joto la chumba. Mchanganyiko wa baridi huuma. Usikitikise. Insulini ikitikiswa sana, au ikikaa kwenye joto, inajikunja na kushikamana kuwa nyuzi zisizofanya kazi tena. Ukiona vijinyuzi, vipande vinavyoelea au utando kwenye kioo, kitupe.

1. Osha mikono, vaa glavu safi, futa mpira wa kichupa kwa spiriti na usubiri ukauke.
2. Vuta maji ya chumvi ya kiasi ulichokokotoa kwa bomba la ml 5, toa sindano na uvute pistoni nyuma kidogo ili kuacha nafasi.
3. Vuta insulini kwa bomba lake. Mtu wa pili aisome dozi kwa sauti kutoka kwenye bomba lenyewe.
4. Ingiza insulini kupitia mdomo wa bomba kubwa, funika kwa kifuniko tasa, ligeuze juu chini mara kadhaa taratibu.
5. Bandika karatasi: jina la mgonjwa, yuniti, saa, na maneno YA KIDONDA, SI YA KUCHOMA.

Karatasi hiyo si urasimu. Bomba lenye yuniti 16 za insulini lililoachwa kwenye trei ni ajali inayosubiri mtu wa zamu inayofuata. Atasoma "insulini 16" kwenye chati, ataona bomba, atachoma. Ndiyo maana bomba la kidonda halibaki na sindano, na kwenye chati insulini ya kidonda inaandikwa kwenye ukurasa wa vidonda, mbali na safu ya insulini ya kuchoma.

Changanya dozi ya wakati huo tu. Watu hupenda kutengeneza chupa ya wiki nzima ili kuokoa muda, na inaharibika kwa njia mbili. Ukiizimua insulini umezimua pia kihifadhi chake, kwa hiyo bakteria wanaweza kuota ndani ya chupa unayoipulizia kidonda kila siku. Pili, insulini hung'ang'ania kuta za plastiki na za kioo, na kadiri mchanganyiko unavyokuwa mwepesi ndivyo sehemu inayopotea inavyokuwa kubwa. Chupa ya siku ya tano si dawa uliyoipima siku ya kwanza.

Kuweka

Pima sukari kwanza. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/l (70 mg/dl), acha, mtibu mgonjwa, rudi baadaye. Ikiwa juu kidogo tu ya hapo na mgonjwa hajala, ale kwanza.

Fungua kidonda na ukioshe kwa maji ya chumvi. Bomba la ml 20 lenye kanula (mrija mwembamba wa plastiki) laini ya geji 18 linatoa msukumo unaotosha kuondoa uchafu bila kuchimba nyama mpya. Povidoni iodini, haidrojeni peroksaidi na dawa za klorini zisiguse kidonda katika zamu hii: zinaharibu protini, na nyingine zinaua hata zile seli unazotaka zitambae. Kama agizo linadai dawa hizo zitumike, kidonda bado hakijafika hatua ya insulini. Kausha ngozi ya pembezoni kwa gozi, na sakafu ya kidonda iguse kwa wepesi tu ili madimbwi ya maji yanyonywe. Badili glavu uvae tasa.

Sasa mlaze mgonjwa hivi kwamba kidonda kinatazama juu, kama sinia lililowekwa mezani. Hili ni la lazima. Ml 1 kwa sm² 10 ni sawa na maji yenye kina cha mm 1 juu ya eneo lote, na kina hicho hakikai kwenye muundi uliolala upande. Kitatiririka kwenye shuka na dozi itabaki jina tu. Kwa kidonda cha kisigino, mgonjwa alale kifudifudi au kwa ubavu, mguu ukiwa juu ya mto.

Weka mdomo wa bomba sm 1 au 2 juu ya kidonda, usiguse nyama. Anzia kingoni, tone kwa tone, ukizunguka mpaka wote, kisha maliza katikati. Kingo zinatangulia kwa sababu ngozi mpya inatokea huko. Kama sakafu ina mteremko, gawa dozi: nusu sasa, dakika 5 za kusubiri, kisha nusu iliyobaki. Baadhi ya wahudumu hutumia chupa ya kupulizia, na kwenye majaribio imetumika. Inatandaza vizuri lakini ni vigumu kujua kiasi gani kimeingia hewani na kwenye ngozi nzima, tena mirija yake hubaki na dawa ndani. Kwa kidonda kidogo, matone yanashinda.

Acha wazi kwa dakika 15 bila feni kupuliza juu yake. Usiruhusu kikauke kabisa hadi kung'aa kama varnishi. Unyevu mwembamba unatakiwa ubaki. Kisha funika kwa kifuniko kisichonata, gozi juu yake, na bendeji. Usianze kwa gozi kavu: itainyonya dawa yote, na jioni ukiibandua itatoka na ngozi iliyoota mchana. Mafuta ya petroli au krimu ya zinki yanaruhusiwa kwenye ngozi ya pembezoni tu, ili isilowe. Yakiingia kwenye sakafu yanaizuia dawa.

Rudia baada ya saa 12. Hapa panatokea mgongano na bendeji ya kubana ya vena au plasta ya mguu wa kisukari, ambazo hazifunguliwi mara 2 kwa siku. Kati ya insulini na kuondoa mgandamizo au kubana, chagua la pili bila kusita. Kama kuna kiatu cha kutibia kinachovulika na mgonjwa mwenye nidhamu, yote mawili yanawezekana. Kama hakuna, insulini ndiyo inayosubiri.

Sukari baada ya dawa

Majaribio yaliyofuatilia sukari kwa ujumla hayakukuta mshuko wa maana kwa vipimo hivi. Hata hivyo, siku 3 za mwanzo, na kila mara baada ya kukata nyama upya, pima saa 1 na saa 3 baada ya kuweka. Insulini hii ikichomwa chini ya ngozi kilele chake kiko takribani saa 2 hadi 4, kwa hiyo kipimo kimoja cha dakika 30 kinaweza kukupa amani ya uongo.

Jasho, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, maneno kuchanganyika: pima papo hapo. Chini ya 3.9, mgonjwa anayeweza kumeza anapewa gramu 15 za sukari, yaani karibu vijiko 3 hadi 4 vya chai kwenye maji, na unapima tena baada ya dakika 15. Asiyeweza kumeza hapewi kitu mdomoni. Anahitaji glukosi ya mshipani au glukagoni, dawa inayopandisha sukari ya damu. Wakati huohuo osha kidonda kwa maji ya chumvi mengi ili kuondoa kilichobaki, na dozi inayofuata isiwekwe mpaka daktari apitie chati. Mara nyingi chanzo kitakuwa sindano ya asubuhi na mlo uliorukwa, lakini usilichukulie hivyo kabla ya kuangalia.

Kinachoharibika na maana yake

Kingo zikigeuka nyeupe na kukunjamana kama vidole vilivyokaa majini, unyevu umezidi. Punguza tabaka za kifuniko zinazofungia maji, linda ngozi kwa zinki, na hakikisha haumwagi dawa nje ya mpaka. Dozi yenyewe huenda ni sahihi.

Nyama nyekundu ikipanda juu kuliko ngozi, laini na yenye kutoa damu ovyo, acha insulini. Ngozi haipandi mlima. Kingo zitasimama hapo mpaka nyama hiyo ishushwe. Na kama inaendelea kuota baada ya kuacha, rudi kwenye swali la saratani.

Kuwashwa na wekundu wenye mpaka mkali unaofuata njia ya dawa ni dalili ya mzio, mara nyingi wa kihifadhi. Wekundu unaosambaa pamoja na joto, maumivu mapya au umajimaji kuwa mzito na wenye harufu ni maambukizi. Hali zote mbili zinasimamisha dawa, lakini ya pili inahitaji daktari siku hiyohiyo. Kwa mguu wenye ganzi usisubiri maumivu. Huenda yasije kabisa, na homa nayo isionekane.

Kuna pia kidonda kinachobaki vilevile: kisafi, chekundu, hakisogei. Hapo kishawishi ni kuongeza yuniti. Usiongeze. Rudia kijiti cha chuma, rudia mapigo ya mguu, kagua soli ya kiatu kama imebonyea pale kidonda kilipo, muulize anayemgeuza mgonjwa usiku. Jibu huwa mojawapo ya hayo.

Kuendelea au kuacha

Kila wiki toa eneo la sasa kwenye eneo la mwanzo, gawa kwa la mwanzo, zidisha kwa 100. Kidonda kilichoanza na sm² 16 na sasa ni 11 kimepungua kwa takribani 31%. Piga picha kutoka umbali uleule, rula ikiwa pembeni; chati ya namba pekee haionyeshi rangi.

Kwa kidonda cha mguu wa kisukari, kushindwa kupungua kwa 50% ndani ya wiki 4 kunatabiri kwamba kidonda hakitafunga ndani ya wiki 12 kwa mwendo huohuo. Ikifika wiki ya 4 na hujafika nusu, funga ukurasa wa insulini: mgonjwa apelekwe kupigwa picha ya mfupa, kuangaliwa mishipa, au kuchukuliwa kipande cha nyama. Kilichovuka nusu kinaendelea mpaka ngozi nyembamba ya waridi ifunike sakafu yote, na hapo dawa inaachwa siku hiyohiyo.

Ngozi hiyo ni dhaifu. Hata baada ya miezi, kovu halifikii nguvu kamili ya ngozi ya zamani. Huishia takribani 80%. Kwa miguu ya kisukari, karibu wagonjwa 40 kati ya 100 hupata kidonda kingine ndani ya mwaka 1 baada ya cha kwanza kufunga. Kiatu cha kuondoa uzito kinaendelea kuvaliwa, nyayo zinakaguliwa kila jioni kwa kioo au kwa macho ya mtu mwingine, na ngozi ngumu inayoanza kuota mahali pa kovu inapunguzwa kliniki kabla haijaficha kidonda kipya chini yake.